Hatua Arobaini za Mke Wangu

Bonde letu si kubwa. Ukisimama juu ya Jiwe unaliona lote, kama mtu anavyoiona sahani yake. Mashariki kuna Jiwe lenyewe, magharibi kuna korongo. Nyuma ni kilima, mbele ni kijito. Katikati inapita njia ya mkokoteni. Kutoka Jiwe hadi njia kuna mashamba kumi na mawili. Kutoka njia hadi korongo kuna mashamba tisa. Kila shamba linaanzia kilimani na kuishia kijitoni, na upana wake ni hatua arobaini.

Ndivyo tulivyosema siku zote. Na tuliposema hatua, hatukuwa na maana ya hatua za mtu yeyote tu. Zilikuwa za mtu mmoja, mke wangu, aliyefariki miezi saba iliyopita. Hapa walimwita Bi Hatua. Jina lake la kuzaliwa tulibaki kulijua mimi na yeye.

Baada ya shamba la tisa, kabla ya korongo, kuna kipande kimoja kilichobaki. Kilikuwa chake. Amelala hapo. Nasimulia haya kwa ajili ya kipande hicho, na kwa ajili ya yale wanayosema sasa juu yake.

Zamani bonde lote lilikuwa msitu wa kupandwa, mali ya kampuni ya mbao. Sote tulitoka kambi ya kampuni. Vyumba vya mabati vimepangwa mstari, chumba kimoja familia moja, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Kazi yangu ilikuwa kubeba trei za miche. Kazi yake ilikuwa kupanda. Mpanda miche hutangulia mbele. Kila baada ya hatua tatu anachoma shimo, anatia mche, anakanyaga udongo, anaendelea. Nyapara anakuja nyuma na utepe. Ukikosea kiasi cha kiganja unang'oa mstari mzima, unaanza upya. Wengine waling'oa kila wiki. Yeye kwa miaka minne hakung'oa hata mche mmoja. Hatua yake ilikuwa mita moja, asubuhi na jioni, penye tope na penye mawe. Mwishowe nyapara aliacha kumpima, akawa anamtumia yeye kuwapima wenzake.

Mimi nilitembea nyuma yake na trei. Siku moja akageuka.

"Wewe kaka, unaangalia miche au unaangalia miguu?"

"Naangalia hatua."

"Haya, nimepiga ngapi tangu asubuhi?"

Nikakosa jibu. Akacheka mpaka nyapara akapuliza filimbi. Siku ya pili yake nilikuja na jibu. Nilikuwa nimehesabu tangu kunakucha: elfu mbili mia sita na tatu. Nikamwambia.

"Kumbe una akili," akasema. "Nilidhani kichwa chako ni cha kubebea trei tu."

Tukaoana msimu ule ule.

Kampuni ilipokata mti wa mwisho iliondoka na mashine zake zote. Ilituachia visiki. Ofisi ya ardhi ikatuandikia barua ya mistari mitatu: bonde ni lenu, gawaneni wenyewe. Tulikuwa familia kumi na mbili.

Kuambiwa gawaneni ni rahisi. Mwenyekiti wetu wa kwanza, sasa marehemu, alileta kamba. Tukapima familia tano. Mvua ikanyesha, kamba ikalowa, ikafupika, na waliofuata wakapata pungufu. Maneno yakazuka, na baada ya maneno mapanga. Mtu mmoja alipoteza vidole viwili. Siku mbili kila mtu alikaa mlangoni kwake na panga mapajani, hakuna anayemsalimu mwenzake. Siku ya tatu mwenyekiti akatuita.

"Sisi ni majuha," akasema. "Tunagombania kamba ya katani, na hapa tuna kamba yenye miguu miwili. Hailowi, hairefuki, haiibiki."

Watu wote wakamgeukia mke wangu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto mgongoni. Akamfungua mtoto, akampa jirani, akaenda kusimama kwenye Jiwe. Mimi nikabeba furushi la vigingi na nyundo ya mti, nikamfuata nyuma kama nilivyozoea. Akaanza kutembea chini ya kilima. Alipofika arobaini akasema, "Piga." Nikapiga kigingi. Akashuka kijitoni, akahesabu tena arobaini. "Piga." Kigingi cha juu na kigingi cha chini, ukivuta macho kati yake ndio mpaka. Kwa siku mbili alipima yale matano upya na saba yaliyobaki, akaishia njiani. Hakuna aliyelalamika. Wale wawili waliokatana mapanga walikaa wakala pamoja. La tatu kutoka kwenye Jiwe lilikuwa letu.

Kwenye mashamba yale kumi na mawili mke wangu hakuniuliza neno. Alisema piga, nikapiga.

Tulikaa hivyo miaka tisa. Tuling'oa visiki. Kisiki kimoja kilichukua wiki, na mikono ilikuwa migumu kama magome. Tulipanda mahindi na maharage. Upande wa pili wa njia, hadi korongo, palibaki pori.

Mwaka wa mvua nyingi, daraja la gogo pale kijitoni lilikuwa na utelezi. Mke wangu aliteleza hapo na ndoo ya maji kichwani na mimba ya miezi mitano. Mimba ilitoka. Goti la kushoto likavimba kama boga. Zahanati wakamfunga bendeji, wakasema apumzike. Apumzike saa ngapi, na palizi ilikuwa imefika.

Mwaka uliofuata wakaanza kuja watu wa kambi nyingine, wale ambao kampuni zao nazo zilifunga. Hawakuja kwa pamoja. Walikuja mmoja mmoja, mwaka huu mmoja, mwaka kesho kutwa mwingine, kwa miaka kumi na mbili. Wa kwanza alikuwa mhunzi. Alifika na fuawe lake kwenye mkokoteni, mke na masufuria nyuma. Mwenyekiti akamwambia, "Hapa kwetu kipimo ni hatua za huyu mama. Unakubali?" Mhunzi akasema, "Mzee, mimi nimelala barabarani siku sita. Hata mkinipimia kwa hatua za kuku nakubali."

Ardhi ilikuwa mbichi. Mke wangu akatangulia, mimi nyuma na vigingi. Nikaziona nyayo zake. Mguu wa kulia ulikwenda mbele kama zamani. Wa kushoto ulianguka karibu kidogo kuliko unavyopaswa. Si sana. Ukizigawa hatua zote sawa, kila moja ilipungua kiasi cha vidole viwili.

Alipofika arobaini hakusema piga. Alisimama, jasho juu ya mdomo, akanitazama.

"Ziko sawa?"

Mhunzi alikuwa pale, na mwenyekiti, na mke wa mhunzi. Mimi niliwaza kwamba ameshapoteza mtoto, ameshapoteza goti. Nikaona nisimpokonye na hatua.

"Ziko sawa," nikasema.

"Piga."

Nikapiga.

Mara tisa aliniuliza hivyo, kwa familia tisa. Mara tisa nikajibu hivyo hivyo. Kila mwaka goti lilizidi, na kila mwaka nyayo zilisogeleana. Vidole viwili vikawa vinne, vikawa kiganja. Kwa familia ya tisa alitembea na fimbo, na pengo lilikuwa shibiri nzima.

Watu hawakuona? Labda waliona kilema, hawakuona hatua. Mtu aliyepewa ardhi ya bure haangalii nyayo za anayempa. Na sisi wa zamani tulikuwa tumeshazoea. Neno lilikuwa arobaini, na neno halichechemei.

Familia hiyo ya tisa ilikuwa ya mwanamke mmoja mcheshi, mumewe mgonjwa kifua. Mume hakukaa sana. Mwanamke huyo akawa rafiki wa mke wangu, na mpaka leo mimi namwita Shoga, kwa kuwa yeye alimwita hivyo. Yeye ananiita shemeji. Siku ya kupimiwa alisema, "Bi Hatua, nipimie hatua za mtu mwenye njaa, ziwe ndefu."

"Hatua zangu hazina undugu, dada yangu," mke wangu akajibu. "Zinajua arobaini tu."

Kisha akatembea. Kisha akaniuliza.

Baada ya Shoga, kabla ya korongo, kilibaki kipande ambacho hatukukitarajia. Mwenyekiti alikuwa amekadiria mashamba tisa yangefika korongoni kabisa. Akakuna kichwa, akasema bonde limekuwa na baraka. Wale tisa wenyewe ndio waliosema: mpimaji huyu hajalipwa hata yai, apewe kipande hiki. Mke wangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, akageuza uso akalia. Vitu vyetu vyote vilikuwa kwa jina langu. Kile kilikuwa cha kwanza kuitwa chake.

Tukajenga hapo vyumba viwili. Shamba la upande wa Jiwe tulimwachia mwanetu alipooa. Mke wangu alipanda mchungwa mlangoni na maharage mpaka ukingo wa korongo. Jioni Shoga alivuka mpaka na kigoda chake, wakakaa wanachambua maharage na kuwachambua watu.

Sijui kama mke wangu alijua. Nimelifikiria sana hili tangu aondoke. Kumi na mbili za kwanza hakuniuliza. Tisa za mwisho aliniuliza zote. Mtu huuliza asichokuwa na hakika nacho. Alinipa nafasi mara tisa, na mara tisa nilimfungia mlango.

Alikufa kwa homa ya siku nne. Shoga hakutoka pale. Alimkanda goti lile kwa maji moto mpaka siku ya mwisho, na ndiye aliyemwosha. Tulimzika upande wa korongo, kwenye kipande chake, kama alivyotaka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Baada ya mavuno ilikuja barua kwamba bonde litapimwa, kila mtu apate hati yake. Akaja binti mmoja na chombo chake cha miguu mitatu chenye jicho. Alihitaji mtu wa kushika mti wenye kioo, ausimamishe juu ya kila kigingi. Mwenyekiti wa sasa akanitazama.

"Mzee, wewe ndiye uliyepiga vigingi. Nani anavijua kukuzidi?"

Nikaushika ule mti. Nikawa tena nyuma ya mwanamke anayepima.

Siku ya kwanza tulianzia kwenye Jiwe. Binti alichungulia, akaandika, akachungulia tena. Shamba la kwanza, mita arobaini. La pili, arobaini na nusu shibiri. La tatu, la mwanangu, arobaini kamili. Kufikia la sita akainua kichwa.

"Babu, walipima kwa utepe gani hawa?"

"Kwa miguu, mama."

"Acha utani."

"Miguu ya mke wangu."

Mwenyekiti akamsimulia. Binti akacheka kwa furaha, akasema atawahadithia wenzake ofisini. Jioni ile watu walinishika mkono kama siku ya msiba, lakini kwa uso wa kucheka. Shoga alisimama mlangoni kwangu akaliambia kaburi kwa sauti, "Umesikia, shoga? Umeishinda mashine!"

Mimi sikulala vizuri. Nilijua kesho tunavuka njia.

Asubuhi nilimwambia binti kwamba mgongo unaniuma, atafute mtu mwingine. Akasema, "Babu, tumalize tu, ni mashamba tisa." Ningekataa kabisa, angepata mwingine, na namba zingekuwa zile zile. Nikaushika mti.

La mhunzi: thelathini na tisa.

Binti akarudia kuchungulia. Thelathini na tisa.

La pili: thelathini na nane. La tatu: thelathini na saba. Alikuwa akizitaja namba kwa sauti ili mwenyekiti asikie. Thelathini na sita. Thelathini na tano. Watu waliokuwa wakitufuata wakasogea karibu. Thelathini na nne. Tatu. Mbili. Mimi nilikuwa nimesimama na ule mti mkononi nikimsikia mke wangu akitembea. Mwaka kwa mwaka, mguu ule ukivutwa. Kila namba nilijua ni mwaka gani.

La Shoga: thelathini.

Kisha kipande chetu. Binti akahesabu pembeni ya karatasi yake, akahesabu tena.

"Mashamba tisa yamepungukiwa jumla ya mita arobaini na sita," akasema. "Na hiki kilichobaki kina upana wa mita arobaini na sita."

Hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa hesabu tu. Lakini niliona macho ya watu yalivyotoka kwenye karatasi yake yakaja kwangu, kisha yakaenda kwenye kaburi.

Mkutano uliitwa siku hiyo hiyo alasiri, kwenye ghala la mahindi. Tulikaa juu ya magunia. Mwanangu alikuja akakaa karibu nami. Aliniinamia sikioni. "Baba, nyamaza. Likizungumzwa litapoa."

Mhunzi siku hizi haoni vizuri, lakini sauti ni ile ile. "Mimi sisemi neno juu ya maiti," akasema. "Nauliza tu. Kwenye la mwanawe amepima arobaini kamili. Kwetu sisi wa kuja akakata. Alichokata akakikalia. Mniambie mimi mwenzenu nisiyejua kuhesabu, hilo linaitwaje?"

"Linaitwa ujanja," mtu akajibu nyuma.

"Mimi huko kwetu tuliliita jina jingine."

Watu wakacheka. Shoga hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kitambaa chake mkononi anakikunja na kukikunjua.

"Wengine amewaibia mita moja, mbili," akasema polepole. "Mimi kumi. Mimi niliyekula naye. Ni mimi aliyeniibia kuliko wote." Akanigeukia. "Shemeji, goti lile nililikanda kwa mikono hii."

Hapo nikasimama. Mwanangu akanivuta shati, nikamtoa mkono.

"Ni goti," nikasema.

Mwenyekiti akasema, "Goti gani, mzee?"

"Goti ndilo lililopima. Hakukata kitu. Alikuwa hawezi kuunyosha mguu. Angalieni namba zinavyoshuka. Mwizi angekata sawa sawa kila mwaka. Hii ni goti linazidi."

Nilikuwa nimeyapanga vizuri zaidi kichwani. Yalitoka hivyo.

"Zinashuka mpaka kwangu," Shoga akasema.

"Wewe ulikuwa wa mwisho. Goti lilikuwa limekwisha."

"Na wewe ulijuaje?"

"Niliona. Nilikuwa nyuma yake. Niliona nyayo."

"Uliona ukasemaje?"

"Aliniuliza kama ziko sawa. Nikasema ziko sawa."

"Mara ngapi?"

"Tisa."

Ghala likawa kimya. Nilidhani kimya kile ni cha kuelewa. Kisha mhunzi akapiga goti lake kwa kiganja.

"Basi mlikuwa wawili."

Watu wakaguna. Mwingine akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwingine akasema mume na mke ni kidole na kucha, utategemea mume aseme nini? Nikasema kama kuna mwizi ni mimi, yeye muacheni. Hawakunisikia, au walisikia wakaona ni maneno ya mfiwa. Nilichokuwa nacho cha kumtetea ni macho yangu, na macho yangu hayakuwa na bei mbele yao. Nilibaki nimesimama. Halafu nikakaa.

Kijana mmoja wa shamba la nne akasema, "Basi turudishiane. Kila mtu apewe arobaini zake, tusogeze vigingi." Wakashangilia. Mwenyekiti akamwomba binti awaonyeshe kwenye karatasi. Binti akachora mistari mipya, na kadiri alivyochora ndivyo kelele zilivyopungua. Mpaka wa mhunzi ukisogea mita moja, wa jirani yake unasogea tatu, anayefuata sita, na kuendelea. Nyumba ya huyu ikaangukia shamba la yule. Kisima cha fundi baiskeli kikawa cha jirani yake asiyesemezana naye. Shoga akapoteza shamba lake lote, nyumba na migomba, akahamishiwa kwenye kipande chetu. Nyumba yangu ikawa yake. Kaburi likawa lake.

"Mimi nikalale na yeye?" Shoga akasema. "Aniibie tena?"

Safari hii hata waliocheka walicheka chini chini.

Hapakuwa na njia. Kupata haki zao ingewabidi wabomoe nyumba tisa. Walikaa wanaitazama karatasi kama mtu anavyotazama mto uliofurika. Binti akasema yeye huandika kile watu watakachokubaliana, lakini kesho jioni anaondoka, na zamu ya bonde hili hairudi karibuni.

Mwisho mwenyekiti akasema mipaka ibaki ilipo. Kipande cha mwisho kiwe mali ya wale tisa kwa pamoja, malisho ya mifugo yao. Mimi nikae kwenye nyumba mpaka nitakapokufa. Kaburi lisiguswe. "Mzee, unaona tumekutendea ubaya?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Na kweli hawakunitendea ubaya. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo, au zaidi. Nikatia sahihi. Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, herufi kubwa tu, lakini jina langu nalijua kuliandika.

Mwanangu alinisindikiza hadi njiani. "Nilikwambia unyamaze," akasema. Hakusema kwa hasira. Akageuka akarudi kwake, kwenye zile arobaini kamili.

Sasa ni wiki ya tatu. Mbuzi wa mhunzi walikuja kwanza, wakala majani ya mchungwa. Nilitoka na fimbo kuwafukuza, nikakumbuka, nikairudisha fimbo ukutani. Wanalala kivulini karibu na kaburi. Hawalikanyagi sana. Watu wakipita hunisalimia vizuri, na kipande wanakiita la wizi. "Wapeleke mbuzi la wizi," mama anamwambia mwanawe, bila chuki, kama anavyosema wapeleke kijitoni. Hapo ndipo panaponiuma. Chuki ingeisha. Jina la mahali haliishi. Haya majina ya bonde letu, Jiwe na njia na korongo, yatatuzika sote.

Juzi asubuhi nilimwona Shoga ametoka nyumbani kwake, mkono kiunoni. Na yeye nyonga imemshika siku hizi. Alikwenda mpaka kwenye kigingi cha mpaka wake wa mbali, akageuka, akaanza kuja upande wangu, mdomo ukimtembea. Nilielewa anachofanya. Alikuja polepole, akisimama, akiendelea. Alifika kwenye kigingi kilicho kati yetu akakiwekea mkono.

"Shemeji."

"Naam."

"Arobaini na sita."

Nikasogea karibu na kigingi.

"Nimetembea shamba langu mwenyewe, nimepata hatua arobaini na sita. Na jana nilipata arobaini na nne." Akavuta pumzi. "Kumbe hivi ndivyo."

"Ndivyo, Shoga."

Alitazama kaburi muda mrefu. Mbuzi mmoja akaja akamnusa gauni, Shoga akamsukuma.

"Ungesema," akasema. "Siku ile ile. Ungesema tu, goti linamsumbua. Ningemshika mkono tukatembea wote."

Hakungoja. Akageuka akaenda zake. Nilimwomba kwa nyuma aende akawaambie na wenzake. Akasema bila kugeuka, "Wataniambia nini, shemeji? Watasema sasa tuko watatu."

Kigoda chake hajakileta.

Mimi kila siku nikiamka natoka mlangoni naenda kaburini kwa mke wangu, nang'oa magugu mawili matatu, narudi. Nimechukua ile tabia ya kuhesabu. Siku tulipomzika, kutoka mlangoni hadi kwake zilikuwa hatua ishirini na sita. Leo nimehesabu thelathini na moja.